Kiti cha Kushoto

Baba aliitwa Moshi, kwa sababu madereva wenzake wa mbio za magari walidai hicho ndicho kitu pekee walichowahi kukiona cha gari lake. Magari yenyewe aliyaunda kwa mikono yake, kwenye karakana iliyopakana na jiko letu, hata Mama akalalamika kwamba mchuzi wake unanuka grisi.

Kwa miaka thelathini Mama hakupanda gari la mashindano hata mara moja. Siku za mbio alijifungia chumbani mpaka Baba apige simu: "Mke wangu, niko mzima. Bandika chai."

Wala Baba hakufia barabarani. Figo ndizo zilizomwondoa, taratibu, kitandani, na gari lake la mwisho likabaki mifupa mitupu ya mabomba.

Mwaka tangu afariki ulipokaribia kutimia, chama cha madereva kilituomba tulipeleke gari hilo uwanjani, watu wamkumbuke. Baba alinifundisha kuchomelea tangu nikiwa shule. Nikamwita msoma ramani wake, bonge la mtu aliyekaa kushoto kwake kwenye mbio, tukaanza kulimalizia kwa kufuata daftari la Baba.

Kiti cha kushoto kilipokamilika, msoma ramani alijaribu kukaa. Hakuingia hata nusu.

"Moshi kanifanyia kusudi!" alisema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Miaka yote namsomea kona, leo ananiundia kiti cha mtoto?"

Nikarudia kusoma vipimo: kiuno, mabega, urefu wa mguu. Pembeni, kwa penseli, Baba aliandika: "Akikubali."

Nililipeleka daftari jikoni. Mama alifuta mikono, akasoma, akarudia.

"Alinipima lini huyu mwanamume?"

"Labda ukiwa umelala."

"Mjanja yule," akasema. Kisha akaniuliza kama nina suruali ya kumwazima.

Siku ya kumbukumbu nilimfunga mikanda mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mzunguko wa kwanza alifumba macho, ameng'ang'ania bomba la mlangoni. Wa pili akafumbua. Watu walisimama wakipiga makofi, wakiita "Moshi! Moshi!", na Mama akaanza kuwapungia, mwanzoni kwa woga, baadaye kwa mikono yote miwili.

Tulikuwa tumeruhusiwa mizunguko mitatu tu. Wa tatu ulipokwisha, nikapunguza mwendo ili nitoke.

"Unasimama nini?" Mama alifoka, kofia ngumu imemshukia hadi puani. "Kanyaga!"

Nikakanyaga.