Barafu Isisimame Njiani

Mimi ni fundi wa magari hapa Skardu, mji wa milimani kaskazini mwa Pakistan, na kwa miaka mingi arusi ya barafu niliiweka kwenye fungu la hadithi za kuwalaza watoto. Nilizaliwa Tsarma, kijiji cha huko juu, kwa hiyo nilizisikia zote: kwamba kuna barafu dume na barafu jike, kwamba ukichukua kipande cha kila moja ukavizika pamoja mahali pa juu penye kivuli, vitashikana, vitakua, na siku moja vitakuwa mlima mzima wa barafu unaotoa maji. Nilipoota ndevu nikaanza kucheka. Kinachozaa ni mbuzi, nilikuwa nikisema. Barafu kazi yake ni kuyeyuka.

Basi shemeji yangu Hasnain akaingia gereji siku moja, majani ya miti yakiwa yameshageuka njano, akakaa juu ya tairi bila hata kuuliza habari za nyumbani.

"Kazim, nataka gari lisizime."

"Na mimi nataka niwe waziri. Lisizime wapi?"

"Kuanzia darajani mpaka juu kabisa, kule kwenye majabali."

"Kwa zile kona? Shemeji, umekula nini leo?"

Gari lake ni kongwe kuliko yeye. Mimi mwenyewe ndiye niliyelitoa injini yake ya asili nikalitia ya gari dogo la Kijapani, ile inayonyunyiza mafuta kwa mgandamizo. Nguvu lilipata, ila lilipata na ugonjwa. Tanki lake ni pana na limelala. Likipanda mlima mkali huku likikata kona, petroli yote inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa, injini inakohoa, kimya. Kabureta ya zamani ilikuwa na kibakuli chake cha mafuta, ikivumilia. Injini hii haivumilii hata kidogo. Siku zote Hasnain alikuwa anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anavuta sigara, anawasha tena. Hakuwahi kulalamika.

"Safari hii huna muda wa sigara?"

"Tunaozesha barafu," akasema.

Nilicheka mpaka jirani yangu muuza matairi akachungulia. Hasnain hakucheka. Akanieleza kwamba kijito kilikauka tena kabla matunda ya aprikoti hayajaiva, kwamba nyumba tatu zimefungwa milango, watu wameshuka mjini. Vijana wenye migongo wako Karachi. Wamebaki wazee saba na yeye.

"Na dada yako ameshafunga sanduku," akasema. "Mwaka huu tukishindwa, yeye na watoto wanashuka. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala usingizi."

"Si ushuke naye!"

"Na mama nimwache na nani? Unamjua mama. Hata kufa ameshachagua mahali."

Hapo kicheko kilinikauka. Rubab ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Nikamuuliza gari linaingiaje katika mambo haya ya kale.

"Masharti unayajua. Barafu ikishaondoka haiguswi na ardhi, haisimami, na wanaoisindikiza hawasemi neno mpaka izikwe. Ikisimama njiani inadhani imefika kwao, na mahali pengine popote haitakubali. Zamani walipokezana mgongoni. Sasa nani apokezane na nani? Babu Qurban, mkubwa wa wazee, amekubali gari, kwa sharti kwamba nalo litii."

Kwa hiyo nikaanza kazi, kwa ajili ya dada yangu, si kwa ajili ya barafu. Nilipata gamba la mtungi wa kuzimia moto, aluminiamu safi, nikalikata, nikalichomelea vijibomba vinne, likawa tanki dogo la kusimama wima, nene kama paja. Nikanunua pampu ya pili, ya nguvu ndogo, iliyotoka kwenye gari bovu la mizigo. Hasnain alikaa ananitazama, akinimiminia chai ya chumvi, akiuliza maswali ya mtu anayeogopa.

"Kwa hiyo mafuta yatakuwa mahali pawili?"

"Mama yako akipika, mtungi mkubwa uko wapi?"

"Uani."

"Na jagi?"

"Karibu na jiko."

"Hilo ndilo jagi. Pampu ndogo inachota kwenye tanki kubwa, inajaza jagi mfululizo. Pampu kubwa inachota chini ya jagi, inapeleka kwenye injini. Yanayobaki yanarudi jagini, jagi likifurika linarudisha tanki kubwa. Sasa tanki kubwa lilale chali, lilale kifudifudi, pampu ndogo ivute hewa itakavyo. Jagi limejaa, injini haina habari."

Akafikiri. "Na jagi likikosa mchotaji?"

"Shemeji, kunywa chai."

Tulilijaribu kwenye kile kilima cha nyuma ya soko la mbao, mahali ambapo lilikuwa halijawahi kupita bila kuzima. Lilipanda. Likakata kona limeinama upande mmoja mpaka Hasnain akaanza kusoma dua, na injini ikaendelea kunguruma vilevile, haikukohoa hata mara moja. Nilishuka nikalibusu boneti. Nasema kweli, kichwa kilinivimba siku ile.

Siku yenyewe tulikuwa darajani alfajiri. Barafu jike ilitoka bonde la mashariki, nyeupe yenye ubuluu ndani. Dume ilitoka magharibi, nyeusi, imejaa changarawe. Zilikuja migongoni mwa watu wa mabonde hayo, wakizunguka nazo polepole pale darajani ili zisitulie, zimefungwa kwa majani ya shayiri ndani ya vikapu vya matawi. Nilikuwa nimefunga mabomba nyuma ya gari ya kutundikia vikapu. Jagi langu lilikuwa katikati yake, nimelibana kwenye ukuta wa bodi, na mimi ndiye niliyepangiwa kukaa hapo.

Babu Qurban alikuja na kamba ndefu mbili begani. Umri wake hata yeye haujui, na ngiri yake ya tumboni anaifunga kwa kitambaa.

"Kamba za nini, babu?" nikamuuliza. "Hili si punda."

"Punda ningemsifu. Punda hana waya," akasema, akazifunga mbele ya gari mwenyewe. "Haya, Kazim. Ulizaliwa unaongea. Leo tutakuona."

Gari likaanza kutembea, vikapu vikapokewa likiwa linatembea, na kutoka hapo hakuna aliyesema neno.

Hamjui kimya kile. Injini ilinguruma, ndiyo, lakini watu tisa bila neno, wazee wakifuata nyuma kwa miguu na vibuyu vya maji ya mto mkubwa shingoni, hatua kwa hatua, gia ya kwanza muda wote. Tulifika kona mbaya kuliko zote, ile ambayo Hasnain alikuwa anavutia sigara yake. Gari likainama. Nikasikia petroli ikikimbia ndani ya tanki kubwa, nikaweka kiganja kwenye pampu ndogo, ikawa inalia juu, inavuta hewa. Nikaweka kingine kwenye jagi. Limejaa, limetulia. Injini ikavuta, ikavuta, tukatoka juu ya kona, na bonde lote likafunguka chini yetu na mto umekuwa uzi. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma mkono wa koti langu.

Tulishamaliza kona zote, tumebakiza mwinuko mrefu wa kawaida kuelekea kwenye majabali, kiganja changu kilipohisi kitu. Pampu ndogo ilikuwa imenyamaza.

Niliinama. Kitabu gani cha ufundi kinakuonya kwamba mzigo wako ni barafu? Kikapu cha jike kilikuwa kinadondosha maji, tone kwa tone, juu ya kiungo cha waya wa pampu. Waya wenyewe ulikuwa wa zamani, umekula kutu ya kijani, umekatika. Jagi lilikuwa na mafuta ya mwendo mfupi tu, na kila mzunguko wa magurudumu ulikuwa unayapunguza. Na dereva yuko mbele, kanipa mgongo, na mimi sina ruhusa hata ya kusema "shemeji."

Neno lilikuwa limekaa ulimini. Nilijiambia, Kazim, huamini haya, sema. Kisha nikaona uso wa Rubab na sanduku lake, nikameza. Nikalala kifudifudi kati ya vile vikapu viwili, baridi ya kulia na baridi ya kushoto, nikaanza kumenya waya kwa meno maana kisu kiliponyoka kikaanguka njiani. Vidole vilikufa ganzi. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Nilifumba macho nikingoja gari lisimame.

Halikusimama. Lilipunguza mwendo, likayumba kidogo, likaendelea. Nikainua kichwa. Hasnain alikuwa amekanyaga klachi, mdomo wazi. Mbele yake Babu Qurban na wawili wengine walikuwa wameshaingia kwenye kamba, wameinama mpaka vilemba vinakaribia kugusa mawe. Nyuma yangu wanne walikuwa wameegemeza mabega, mashavu yamebanwa kwenye bati, miguu inateleza, inashika, inateleza, inashika. Hakuna aliyewaamuru. Hakuna aliyeguna hata kidogo. Nyuso zao zilikuwa karibu nami kiasi cha kuzigusa: macho yamefumbwa, mishipa imesimama, na ule mdomo wa mzee asiye na meno umefungwa kabisa.

Niliogopa. Sikuogopa kuumia. Niliogopa vile mtu anavyoogopa akiingia mahali patakatifu na viatu. Hawa watu maji haya hawatayanywa. Barafu ikishika, kizazi kingine ndicho kitachota. Na walikuwa wanasukuma kama wenye kiu ya leo.

Nikasokota waya kwa waya, nikaushika kwa mkono wangu kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Pampu ikalia. Jagi likaanza kunguruma, likajaa. Hasnain akazungusha ufunguo, injini ikashika. Wazee wakaachia mmoja mmoja na kuendelea kutembea, na Babu Qurban alikuwa ameshika tumbo lake. Mimi nilikaa na ule waya mkononi mpaka juu.

Walivizika vipande viwili ndani ya pango lisiloona jua, ubavu kwa ubavu, wakamwaga maji ya vibuyu, wakafunika kwa makaa, majani na mawe. Babu Qurban aliweka jiwe la mwisho, akabaki ameliwekea kiganja. Ruhusa ya kusema ikatoka. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Jioni tulimkuta Rubab kwenye kizingiti. Sanduku lilikuwa nyuma yake.

"Lilisimama?" akauliza.

Nilitaka kumjibia Hasnain, kumwambia aseme nini. Lakini shemeji yangu hajui kudanganya.

"Gari lilizima," akasema. "Barafu haikusimama. Wazee waliisukuma."

"Wazee gani?"

"Wote. Babu Qurban alikuwa kwenye kamba."

"Na ngiri yake ile?"

"Na ngiri yake ile. Amebebwa kurudi nyumbani."

Rubab akanitazama mimi, mimi mwenye ulimi, nikatikisa kichwa tu kwamba ndivyo. Vidole vyangu vilikuwa bado havijanyooka. Akamgeukia mumewe.

"Itachukua miaka mingapi kabla haijatoa maji?"

"Kumi na miwili," Hasnain akasema taratibu. "Pengine zaidi. Rubab, sikulazimishi."

Mtoto wao mdogo alikuwa amelala begani mwa mama yake, hajatimiza hata miaka miwili. Rubab akamhamishia bega la pili, akapita kando ya sanduku kuingia jikoni.

"Atakuwa na miaka kumi na minne," akasema kutoka ndani. "Lazima awe ameshajua kushika jembe la mfereji. Ingieni mle, halafu mmoja wenu ampelekee Babu Qurban supu ingali moto."