Mnyororo wa Musawo Namono

Kufikia saa tatu asubuhi Burhan alikuwa ameshaziba pancha nne na kunyoosha rimu moja iliyopinda kama kifuniko cha sufuria, na chai bado hajainywa. Kazi yake aliifanyia ndani ya duka lililochomwa wakati wa vita, karibu na soko la Mbale. Paa halikuwepo tena, lakini kuta zilizuia upepo, na hakuna aliyemdai kodi.

Namono, mchanjaji ambaye watu wa soko walimwita musawo, yaani mganga, alikuja akiisukuma baiskeli yake ya giya. Kasha la bluu la dawa lilifungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

"Musawo, unasukuma tena?"

"Nasukuma, mzee. Hii kitu itaniua." Alipandisha sketi kidogo kumwonyesha goti lililochubuka. "Nikiingia mlima, nikikanyaga kwa nguvu, mnyororo unaruka. Jana umeniangusha mbele ya lori."

Burhan aliipindua baiskeli, kiti chini, magurudumu juu. Akazungusha pedeli kwa mkono huku akibadilisha giya. Waya ulikuwa umelegea; akaukaza mizunguko miwili, na mnyororo ukapanda na kushuka bila ubishi. Kisha akaigeuza, akapanda mwenyewe, akakanyaga kuelekea kwenye mwinuko wa barabara. Kra! Mguu ukaponyoka, nusura apige kifua kwenye usukani.

Akarudi, akatoa rula. Mnyororo mzima, pingili ishirini na nne hutimiza futi moja kamili. Huu ulizidi kwa upana wa kucha. Akafuta grisi kwenye meno ya nyuma. Yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno.

"Giya si mbovu," alisema. "Mnyororo umerefuka, na ulivyorefuka umeyala meno. Nikikuwekea mnyororo mpya juu ya meno haya, utaruka vilevile. Lazima vibadilishwe vyote viwili."

"Baiskeli zililetwa na vipuri vyake, mzee. Kila moja na boksi lake. Nilisaini kwa mkono huu."

"Basi nenda ghalani ukachukue."

Namono alicheka bila furaha. Gaster, msimamizi wa ghala la mradi wa chanjo, alikuwa amemwambia kwanza ajaze fomu. Alipoijaza, akaambiwa fomu husainiwa Jinja. Akapanda gari mpaka Jinja kwa pesa ya unga wa nyumbani, akalala kwa shangazi yake huko Masese, asubuhi akaambiwa ofisini kwamba fomu za rangi ile zimeshafutwa. Leo alikuwa amekwenda kwa Gaster mara ya nne, na jibu lilikuwa neno moja: vimekwisha.

"Barafu hii inafika saa kumi tu," alisema, akigusa kasha. "Kule nyuma ya Busiu wamejaa waliokimbia vita vya Teso, wanalala madarasani, na surua imeingia. Wiki jana nilitembea kwa miguu. Nikafika barafu imekuwa maji, dawa imeharibika, nikamwaga. Watoto watatu wamekufa, mzee. Watatu! Na dawa nilikuwa nayo mkononi."

Burhan aliweka rula chini. Macho yake yalikuwa pembeni mwa ukuta, kwenye baiskeli nyekundu ya giya iliyoletwa jana na Gaster mwenyewe. Alitaka kiti kishushwe na kengele ifungwe, kwa ajili ya binti yake Cissy, ambaye huzunguka nayo uani. Hata vinyweleo vya mpira kwenye matairi vilikuwa bado havijakatika.

Akaenda akaiinamia, akakwangua rangi chini ya pedeli kwa ukucha. Namba zilijitokeza: sufuri arobaini na nne. Akarudi kwenye ya Namono, akafuta vumbi mahali palepale. Sufuri arobaini na moja.

Miaka kumi na sita Burhan alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo huko Jinja. Alikuwepo siku wenye bunduki walipozing'oa mashine na kuzipakia kwenye malori, yeye kajificha nyuma ya marobota ya pamba. Siku ile alijiambia: hawa ni wezi kwa sababu wana bunduki, bunduki zikiondoka, wizi utaondoka. Sasa redio ilitangaza kila siku kwamba nchi inajengwa upya. Na mtu mwenye tai na muhuri alikuwa amekaa juu ya vipuri vya chanjo, akimwambia mwanamke mwenye goti lililochubuka kwamba vimekwisha.

Akachukua spana.

"Mzee, hiyo si ya mtu?" Namono aliuliza, sauti imeshuka.

"Ni ya watoto wa Busiu. Shika gurudumu."

Alifungua meno ya nyuma ya ile nyekundu kwa kifaa alichojichongea kiwandani, akatoa na mnyororo, akavifunga kwenye baiskeli ya Namono. Akahesabu pingili, akarekebisha waya, akatia oili tone moja moja, akaifuta iliyozidi ili isishike mchanga. Akapanda mwinuko ule ule kwa giya zote. Kimya. Baiskeli ilivuta.

Namono alitoa noti iliyokunjwa. Burhan akaukataa mkono wake. "Barafu inayeyuka, musawo. Nenda."

Kisha akachukua vile vilivyochakaa akavifunga kwenye ile nyekundu, kwa uangalifu uleule, maana hajawahi kuacha kazi nusu. Akakaa akanywa chai yake, ikiwa baridi.

Saa nane Gaster alifika. Aliutazama mnyororo wenye kutu, akamtazama Burhan.

"Huu si mnyororo wangu."

"Kweli, bwana, si wako. Na ule mwingine pia haukuwa wako."

Wauza nyanya waliacha kupanga nyanya. Gaster aliondoka haraka, akarudi na polisi aitwaye Odongo, na Burhan akapelekwa kituoni pamoja na sanduku lake la spana.

Odongo alifungua daftari. "Sema pole pole, mimi naandika. Baiskeli iko ya nani?"

"Yangu," alisema Gaster.

"Namba iko?"

Gaster akakohoa. Burhan akajibu: "Chini ya pedeli, afande. Sufuri arobaini na nne. Na uandike ya musawo wa chanjo: sufuri arobaini na moja. Zilishuka kutoka lori moja."

Kalamu ilisimama. Odongo alimtazama Gaster, Gaster akatazama dirishani.

"Hayo hayahitaji kuandikwa," alisema Gaster. "Mwonye tu. Na vyombo vyake vibaki." Akatoka bila kuaga.

Odongo alifunga daftari. "Mzee, enda nyumbani."

"Na sanduku langu?"

"Inabaki. Kielelezo."

"Kielelezo cha kesi gani, kama hukuandika kesi?"

Odongo alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi pia nina watoto, mzee. Enda."

Burhan alitoka. Bila spana hakuwa na kazi ya kufanya kesho wala keshokutwa. Alilijua hilo vizuri. Lakini nyumbani hakwenda. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, wanapongojea watu waliokuja kushtaki.

Baada ya muda alikuja mama mmoja, kaibiwa mbuzi. Akakaa kando yake, akashusha pumzi.

"Na wewe, mzee, umeibiwa nini?"

Burhan akamgeukia, akapaza sauti ili Odongo asikie na kila mtu ndani asikie.

"Sikiliza, mama. Zililetwa baiskeli za chanjo, kila moja na boksi lake la vipuri."