Sanduku Lililochezewa Mbina

Sanduku lilikuwa linanuka. Domitila aliinama juu yake ndani ya ghala la pamba la kijiji cha Nkoma, akaziba pua kwa ncha ya khanga, na bado harufu ikampata: samli iliyochacha, manyoya ya kuku yaliyogandia, na dawa nyeusi ambayo hakutaka hata kuuliza imetengenezwa kwa nini. Hiki ndicho chombo walichokirusha kwa puto kubwa kutoka Bariadi, yeye na mkuu wake wa utafiti, Dokta Januarius, ili kipande juu kuliko mawingu kikanase miale mikali ya nyota zinazolipuka. Miale hiyo haifiki ardhini, maana hewa yetu huimeza njiani. Ndiyo maana ya puto, na ndiyo maana ya miaka ya kuhangaikia waya na betri. Na sasa chombo chenyewe kimepakwa samli kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Nani kafanya uchafu huu?" aliuliza.

"Mwadila, mayu," alijibu mwanamume aliyeketi juu ya gunia la pamba, kwa utulivu wa mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba salamu hutangulia.

Domitila, Msukuma wa Bariadi mwenyewe, akaona haya. "Mwadila, baba."

Mtu huyo aliitwa Ngeleja Machibya, manju wa ngoma wa kundi la Wagalu, na hakuficha kitu. Puto lilipasuka, sanduku likashuka kwa mwavuli wake likatua katika shamba lake, zima kabisa. Kesho yake kulikuwa na mbina, mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, Wagalu upande huu, Wagika upande ule. Huko hakuna mwamuzi wa mezani. Anayevuta watu wengi kwake ndiye mshindi, basi. Wagika walikuwa wamekuja na chatu mzima, na watu wakaanza kumiminika kwao. Ngeleja angefanyaje? Alilipaka sanduku dawa ya mvuto, akalibeba begani, likilia tiki-tiki lenyewe na taa yake ndogo nyekundu ikiwaka, akacheza nalo. Akapumzika, akacheza tena, akapumzika, akacheza mara ya tatu.

"Yule chatu alibaki na mwenyewe," alisema.

Domitila alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na ukanda wa karatasi na kalamu mbili zinazojiandikia. Ya juu huandika wingi wa miale. Ya chini huandika sanduku limefika umbali gani angani. Ya juu ilikuwa imetulia safari nzima, kisha ghafla ikachora vilima vitatu vikubwa kama vichuguu, vyenye mapumziko katikati. Ya chini, hapohapo, ilikuwa imelala kabisa. Sanduku lilikuwa ardhini. Alipapasa ndani akakuta waya uliolegea, akautikisa kidogo, na kalamu ya juu ikaruka. Hapo akacheka. Hawakunasa nyota. Walinasa mabega ya Ngeleja.

Dokta Januarius alikuwa amefikia nyumba ya wageni pale Bariadi. Mtu nadhifu kupindukia: suti ya chunlai ya kijivu iliyopigwa pasi, kucha safi, na ile tabia yake ya kufuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Alipoviona vile vilima, aliusogeza ukanda kwenye mwanga wa dirisha.

"Tumepata," alisema. "Mlipuko. Vilele vitatu, kama wanavyotangaza wenzetu."

Domitila akamweleza yote, waya, Ngeleja, chatu, akamwonyesha kalamu ya chini. Dokta alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akachukua mkasi, taratibu, akaikata ile sehemu ya chini ya ukanda, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Kipimo cha chini kilikuwa kibovu," alisema.

"Hakikuwa kibovu, Dokta."

"Sasa ni kibovu." Akajifuta vidole kwa leso. "Mataifa makubwa yanatangaza milipuko ya miale, sisi tutangaze pamba tu? Unataka niwaandikie kwamba tumepima ngoma? Na ile nafasi yako ya kusoma ng'ambo, Domitila, unadhani itasainiwa na nani?"

Kumbe mtu anaweza kuvaa nguo za pasi namna ile na kuoza namna ile. Domitila alitoka nje, akayatazama mabaki ya samli chini ya kucha zake, na kwa mara ya kwanza hayakumtia kinyaa. Samli ya Ngeleja ingetoka kwa sabuni na maji ya moto. Hii ya Dokta ingetoka kwa nini? Lakini saini ni saini. Nafasi ile aliililia tangu alipokuwa msichana wa pekee katika darasa la fizikia, wenzake wakimwuliza ataolewa lini.

Basi akatafuta njia ya kusema bila kugombana. Wageni wa Chama na wa chuo walipokuja Nkoma kuona mahali sanduku lilipotua, alitia betri mpya, waya akauacha ulivyolegea, akamwita Ngeleja. Manju hakuombwa mara mbili. Alicheza mbele ya wageni, akapumzika, akacheza, akapumzika, akacheza. Domitila akauchomoa ukanda akauinua juu watu wote wauone. Vilima vitatu, vilevile. Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akashika mbavu.

Dokta Januarius alipiga makofi. "Vizuri sana, Domitila," alisema. "Sayansi ni kujaribu." Akaupokea ukanda, akaukunja vizuri, akautia mfukoni mwa chunlai yake.

Domitila alidhani amemwelewesha. Masikini, alimdhania mwenzake ana haya.

Mvua zilinyesha, pamba ikapandwa, na bahasha ikafika posta ya Bariadi. Ndani mlikuwa na hati ya masomo ng'ambo, imesainiwa, na jarida la wanasayansi. Domitila alilifungua akiwa amesimama palepale dirishani. Picha ya kwanza: mlipuko wa Nkoma, vilele vitatu. Picha ya pili: mlipuko mwingine, vilele vitatu, ulionaswa ati na puto la pili na kuthibitisha ule wa kwanza. Puto la pili halikuwahi kurushwa. Tarehe ilikuwa ya siku ile ya wageni. Na juu kabisa, baada ya jina la Januarius, jina lake yeye.

Mate yalimjaa mdomoni. Alitoka, akatema mtaroni, akatema tena, na bado ladha ile haikutoka.

Alimkuta Ngeleja akipalilia. Akamsomea, akimgeuzia kila sentensi kwa Kisukuma. Ngeleja aliegemea jembe akacheka hadi machozi: kwa hiyo wazungu wanaamini nyota zao zinacheza Kigalu? Kisha akafuta macho.

"Jina langu wameliandika wapi?"

"Halipo, baba."

"La kwako lipo?"

"Lipo."

Kicheko kikaisha. Hakukasirika, hakumtukana. Alimtazama tu, kwa namna ambayo watu wa mbina humtazama anayejisifia ngoma aliyochezewa na mwingine, kisha akarudi kupalilia.

Domitila aliiva uso. Aliporudi Bariadi aliitoa hati ya masomo, akaisoma mara moja ya mwisho, saini nzuri, wino wa buluu, akaijua bei yake. Halafu akaigeuza, maana hapakuwa na karatasi nyingine nyumbani, na nyuma yake akawaandikia wahariri wa jarida. Aliomba jina lake liondolewe. Akaeleza kwamba sanduku lilikuwa ardhini mara zote mbili na waya wake ulilegea, na kwamba milipuko yote miwili ilichezwa na Ngeleja Machibya, manju wa Wagalu, Nkoma.