Kibao cha Mlangoni

Kila walipoegesha gari-nyumba lao kwenye kambi za jangwa la Arizona, Royce alianza kwa kutundika kibao mlangoni, kama wasafiri wote wa huko: jina la ukoo, na chini yake majina ya waliomo. Mwaka huu mke wake mpya, Darla, alichongesha kingine. Kilikuwa na majina manne: Royce, Darla, Kip mwanawe Darla, na Sadie. Sadie ni mbwa.

Wynona, binti wa Royce wa kumzaa, alikisoma siku ya kwanza asilione jina lake.

Jioni bibi mmoja jirani akaja na keki ya mahindi. Akasoma kibao, akahesabu watu waliokuwapo, akawakuta wanne kamili.

“Sadie, mrembo wangu, njoo upokee,” akamwambia Wynona.

Kip alipaliwa na soda kwa kicheko. Darla naye akadakia, “Mpe tu, bibi. Huyo hachagui chakula.”

Wynona akamtazama baba yake. Royce alikuwa akigeuza nyama motoni, wala hakuinua macho aliposema:

“Si uitike, mwanangu? Usimwaibishe bibi wa watu.”

“Abee,” akaitika Wynona.