Pini Mdomoni

"Simama wima, mwanangu, na usijibane tumbo. Siku yenyewe utataka kula," alisema Mama Pini kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa umebana pini.

Bibi harusi mtarajiwa alicheka juu ya stuli, gauni jeupe likatikisika. Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Mama Pini kwa sababu hiyo hiyo. Alizungumza na pini mdomoni, akagombana na wateja nazo mdomoni, na hakuwahi kumeza hata moja.

Simu ikalia juu ya cherehani. Alikuwa dada yake.

"Mdogo wangu, u mzima? Mbona jana hukupiga?"

"Nina pini mdomoni, dada. Nitakupigia."

Akakata. Hakupiga, hakuwa akipiga siku hizi. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliishi mji mwingine na aliamini kwamba titi lilipokatwa mambo yalikwisha. Hakujua kwamba saratani ilirudi, safari hii mifupani, na kwamba mdogo wake alikuwa anashikiliwa na kidonge cha kila asubuhi. Mama Pini hakuwa na moyo wa kumliza tena. Basi hofu yote akabaki nayo mwenyewe, na ilikuwa kubwa mno kwa chumba kimoja alichoishi peke yake nyuma ya duka.

Bibi harusi alipoondoka, Mama Pini alifunga mlango akaenda hospitali kuchukua majibu ya vipimo. Siku aliyotolewa damu, muuguzi alimweleza kwamba uvimbe hudondosha chembe za vinasaba vyake kwenye damu, na kwamba kipimo hicho huzitafuta. "Umekuja na nani?" muuguzi aliuliza. "Na mkoba wangu," alijibu. "Hana maneno mengi." Muuguzi alicheka peke yake.

Leo daktari alivuta kiti karibu.

"Picha zako hazijabadilika, mama."

Mama Pini alishusha pumzi.

"Lakini damu imeonyesha kwamba ugonjwa umeanza kuikwepa dawa. Tumeuwahi, picha bado haziuoni. Nataka tubadilishe dawa sasa hivi."

"Hiyo mpya itauweza?"

"Natumaini. Kwa muda gani, siwezi kukudanganya. Tutapima tena. Siku za mwanzo inaweza kukulegeza sana. Nyumbani una nani?"

"Wapo," alisema Mama Pini, akachukua mkoba wake.

Dukani alikaa na gauni mapajani. Bado upindo wa chini, na bibi harusi angekuja kulichukua jioni. Alipanga pini mdomoni, akaanza kushona kwa mkono. Sindano ikaingia kidoleni, na tone la damu likaangukia kitambaa cheupe.

Kila fundi anaijua dawa ya doa kama hilo: damu yako huitoa kwa mate yako mwenyewe, mate ya mtu mwingine hayafai. Alitema pini, akatafuna kipande cha uzi mweupe ili akilowanishe. Uzi ulibaki mkavu. Aliyaita mate, hayakuja; mdomo ulikuwa mkavu kama chaki.

Tone lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. Alilitazama. Yale yote aliyoambiwa na daktari yalikuwamo humo, na huwezi kuyaona kwa macho. Aliogopa kufa. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya cherehani, mpaka mdomo ukajaa mate ya kilio na uzi ukalowa. Akasugua taratibu. Doa likatoka.

Akarudisha pini mdomoni kumalizia upindo. Simu ikalia.

"Dada, nina..."

"Najua. Una pini mdomoni. Nilitaka tu kuisikia sauti yako. Haya, fanya kazi."

"Usikate," alisema Mama Pini. "Subiri, dada. Subiri nizitoe."

Akaiweka simu juu ya meza, akaanza kuzichomoa moja moja na kuzichomeka kwenye kimto chake cha pini. Upande wa pili dada alisikika akivuta kiti, akikaa.