Mia Mbili Kibandani kwa Mudathir

Itangazwe kwa wote: siku ya Jumanne, saa nne kamili asubuhi, Sayansi iliwasili katika kitongoji cha Msufini, wilayani Kisarawe. Iliwasili saa sita, maana pikipiki yake ilipata pancha.

Jina lake Lusajo, mtafiti kutoka Kibaha, mwenye kompyuta na maneno mengi. Naila, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alikaa mkekani na bibi yake, Mwanaamina, wasikie kisima kitachimbwa wapi.

"Kisima kitaenda kwingine," Lusajo alisema. "Takwimu za minara ya simu zinaonyesha hapa hapakai watu. Simu zenu zote, mia mbili na kumi, zinalala Kisarawe mjini, sehemu moja."

Sehemu moja! Ni kibandani kwa Mudathir, anayechaji simu za watu. Msufini hakuna umeme. Kila jioni bodaboda hukusanya simu kwenye kikapu, asubuhi huzirudisha zimejaa.

"Kwa hiyo mimi niliyekaa hapa ni jini?" Bibi Mwanaamina aliuliza. "Kila siku nabeba ndoo mwendo wa saa nzima. Simu ndiyo inakunywa hayo maji?"

"Shikamoo, bibi. Sikusema hivyo..."

"Marahaba. Umesema!"

Naila akainuka. Shuleni alikuwa mwenyekiti wa midahalo, hata hasira yake ilikuwa na aya. "Ndugu mtafiti! Mmehesabu simu, mkaacha watu! Mlishindwa nini kuja na karatasi, mkabisha hodi, mkauliza kiungwana?"

Vigelegele vikapigwa.

"Tulikuja," alisema dada aliyekaa nyuma ya Lusajo, akifungua faili. Huyu ni Hajira, mdodosaji. "Mwezi wa sita. Simu peke yake nisingeziamini. Nilikuta nyumba zote zimefungwa, isipokuwa ya kwanza. Jibu nililopewa kutoka nyuma ya pazia hili hapa: 'Wamehama wote, dada. Mimi nimebaki kuwaaga kuku.' Simu na karatasi vikasema kitu kimoja, tukafunga hesabu."

Bibi alikunja uso. "Mwezi wa sita kitongoji kizima tulikuwa harusini Mbwawa. Huyo aliyejibu hakutaja jina?"

"Alitaja. Mheshimiwa Balozi wa Kuku."

Naila alikuwa ameketi tena, akiuchunguza mkeka kwa bidii kubwa.

"We Naila," Bibi alisema polepole. "Nani huwa anajiita hivyo akiwamwagia kuku pumba?"

Naila akainuka tena, safari hii bila aya.

"Ni mimi, bibi. Likizo ile mlikwenda harusini mkaniacha na kuku, nikawa na hasira. Nikadhani karatasi zile hakuna anayezisoma." Akamgeukia Hajira. "Andika upya, dada. Nyumba ya kwanza: bibi mmoja, anabeba ndoo saa nzima. Na mjukuu mwongo."

Hajira akafungua kalamu. "Nitaanza upya, nyumba kwa nyumba. Nani anachota maji hapa?"

"Bibi," Naila alisema.

Bibi akakohoa.

"Kuanzia leo, mimi," Naila akajisahihisha.