Siagi Iliyoyeyuka Forodhani

Majira ya joto ya mwaka 1787 watu wa New York walitutoza ushuru sisi wa New Jersey, kana kwamba tumetoka Uingereza. Nilikuwa nimebakiwa na ng'ombe mmoja. Siagi yake isipouzwa, na yeye atauzwa.

"Mashua isubiri," ofisa wa forodha alisema tulipofika bandari ya New York. "Chombo cha kigeni lazima kikaguliwe kwanza."

"Mgeni nani, mwanangu? Mume wangu alikufa vitani pamoja na watu wa mji huu."

"Pole, mama. Marehemu halipiwi ushuru. Siagi inalipiwa."

Teunis, mwenye mashua, akafoka. "Na sisi tutautoza ushuru mnara wenu wa taa! Si umesimama kwenye ardhi yetu?"

"Utozeni. Siagi haitaganda kwa hilo."

Jua lilikuwa linachoma. Bunge la majimbo yote lilikaa mji huo huo, nami nikajiambia Mungu hakuliweka karibu bure. Nikapanda mjini hadi mlangoni kwake. Bawabu mzee alinipokea.

"Waheshimiwa wako wapi, mzee wangu?"

"Wamekuja wachache, dada, hawatoshi kufungua kikao. Wengine wako Philadelphia wanatunga katiba nyingine. Wengine wako makwao, wanavuna."

"Basi hao wachache wawaamuru watu wa forodha."

"Hata wangejaa ukumbi wasingeweza. Hapa hatuamuru. Tunaandika maombi, majimbo yanayasoma yakipenda."

"Sasa bunge la nini?"

"Hata mimi najiuliza nikifagia."

Niliporudi, mafuta ya njano yalikuwa yanavuja kwenye mapipa. Teunis alitazama pembeni. Bwana anisamehe niliyoyasema pale. Ng'ombe aliuzwa kabla ya baridi.

Novemba tuliitwa kuchagua watu wa kwenda Trenton kuikubali katiba mpya au kuikataa. Kwetu mjane mwenye shamba lake hupiga kura. Teunis alinikuta njiani.

"Shangazi, umeisoma hiyo katiba?"

"Mwanzo tu, nikachoka."

"Watatuletea mfalme mwingine hao!"

"Huenda. Lakini serikali tuliyo nayo haina hata mikono."

"Mchungaji alisema tuombe kwanza."

"Nimeomba mwaka mzima, Teunis. Pisha."

Nilipofika kwenye kura, nikamtaja kwa sauti mtu wa kwenda kuikubali. Sikukaa kusikiliza hotuba. Ng'ombe wa jirani alikuwa hajakamuliwa, na siku hizo mimi ndiye niliyeajiriwa kumkamua.